Mkanda na Mwereka

Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja aliniletea insha ndefu juu ya historia ya ubingwa mmoja wa mieleka ya Marekani, ule uitwao Ubingwa wa Mabara. Ilikuwa kazi ya mtu mwenye bidii. Mabingwa walipangwa mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na tarehe ya kuutwaa mkanda na tarehe ya kuupoteza, kama wafalme wapangwavyo katika tarikh. Sentensi ya kwanza ilisema kwamba Pat Patterson aliupata ubingwa huo mwezi wa Septemba 1979, baada ya kuwashinda wenziwe wote katika mashindano yaliyofanyika Rio de Janeiro, nchini Brazili. Nilichukua kalamu nyekundu nikaandika pembeni: "Mashindano haya hayakufanyika." Kisha niliiweka kalamu chini, nikakaa kitambo bila kusoma, kwa sababu nilikuwa nimeikumbuka siku moja ya utoto wangu ambayo si furaha kwangu kuikumbuka.

Ukweli wa jambo lenyewe ni huu. Mwaka ule Patterson alikuwa na mkanda wa Amerika ya Kaskazini, ambao Ted DiBiase aliupoteza kwake mwezi wa Juni. Kampuni iliyowaajiri ilitaka taji lenye jina kubwa zaidi. Basi ilitangaza kwamba bingwa wake amekwenda Rio, ameshinda huko, na mkanda wake umeunganishwa na ule wa Amerika ya Kusini. Hapakuwa na mashindano, wala hapakuwa na ubingwa wa Amerika ya Kusini wa kuunganishwa na kitu chochote. Rio ilikuwa mbali, na watazamaji hawakuwa na njia nyepesi ya kuuliza. Mwezi wa Aprili 1980 Ken Patera akamwondoa Patterson mbele ya umati wa watu katika ukumbi wa Madison Square Garden, mjini New York, na tangu hapo mkanda umepita katika mikono ya watu wengi. Ndivyo safu ndefu ya mabingwa ilivyoanzia katika safari ambayo haikusafiriwa.

Wasemaji wa Kiswahili hawawezi kustaajabishwa sana na habari ya namna hii. Mtambaji akisema "Paukwa", sisi twaitika "Pakawa", na kwa neno hilo moja twakubali kwamba sungura atasema na simba atadanganywa. Mapatano hayo ndiyo yanayoitenga hadithi na uongo. Mfaransa Roland Barthes alikianza kitabu chake *Mythologies*, cha mwaka 1957, kwa insha juu ya mieleka ya kumbi duni za Paris, akaonyesha kwamba mtazamaji wa mchezo ule haulizi kama mapigano ni ya kweli. Anachokitaka ni kuona wazi kiburi, maumivu na haki mbele ya macho yake. Naikubali hoja hiyo. Walakini mapatano yataka pande mbili. Mwanzoni mwa mwaka 1989 kampuni ile ilikiri mbele ya Baraza la Seneti la jimbo la New Jersey kwamba mieleka yake ni maonyesho, si mashindano, ili iondolewe masharti ya serikali yanayohusu michezo. Wamarekani walisoma ungamo hilo katika magazeti yao. Sisi wa Mbulu hatukulisikia. Kilichotufikia ni mikanda ya video.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja mwaka 1993. Tanzania Bara ilikuwa haijapata kituo cha televisheni. Cha kwanza kilianza kurusha matangazo mwaka uliofuata. Mjini Mbulu palikuwa na banda la mabati lenye jenereta nyuma na mabenchi ndani, na mimi na mdogo wangu, aliyekuwa na miaka minane, tulilipa kiingilio kwa fedha ya mayai. Humo tuliona Ricky Steamboat akimnyang'anya Randy Savage Ubingwa wa Mabara katika pambano la mwezi wa Machi 1987, huko Pontiac, katika jimbo la Michigan. Leo najua kwamba Savage alikuwa na desturi ya kupanga kila hatua kabla ya kupanda ulingoni, na kwamba wale wawili waliandika pambano lile na kulirudia katika mazoezi kama waigizaji wanavyorudia tamthilia yao. Siku ile sikujua. Niliona mtu ananyanyuliwa, anabwagwa, analala kama maiti, kisha anainuka na kushinda.

Tuliporudi nyumbani nilimnyanyua mdogo wangu juu ya bega nikambwaga katika mabua ya mahindi nyuma ya zizi. Mabua yalikuwa machache na udongo wa kiangazi ulikuwa mgumu. Hakulia mara moja. Alilala akinitazama, akingoja wakati wa kuinuka, kwa maana yeye pia alikuwa ameuona mkanda. Mtulinga ulikuwa umevunjika. Uliunga vibaya, na mpaka leo mkono wake wa kushoto haupandi juu ya bega.

Babu yetu hakunipiga. Alipokwisha kumtuliza mtoto aliniita karibu na moto.

"Mjukuu wangu, huyo uliyemwona akitupwa, aliinuka?"

"Aliinuka, Babu."

"Na mdogo wako?"

Sikuwa na jibu. Baada ya kimya kirefu alisema kwamba, kama nilitaka kujua habari za mtu aliyeanguka, nisiende kuitafuta katika banda la mabati, maana mtu huyo alizaliwa katika nchi yetu hii ya Mbulu. Ndipo kwa mara ya kwanza niliposimuliwa habari za John Stephen Akhwari.

Wasomaji wengi wazijua, lakini yafaa zirudiwe kwa hesabu yake. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico, Akhwari alikimbia mbio za marathoni katika mji uliopanda zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari. Njiani, katika msongamano wa wakimbiaji, alianguka. Goti likateguka na bega likajipiga chini. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani giza limekwisha kuingia, mguu umefungwa bendeji, kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27, akawa wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 ili aanze mbio, bali azimalize. Hakuna mkanda uliofungwa kiunoni mwake siku ile. Nishani ya taifa aliipata mwaka 1983.

Kwa miaka mingi niliyachukua masimulizi ya Babu kuwa hukumu nyepesi: Akhwari ni kweli, mieleka ni uongo, basi. Fikira hiyo ilinifaa, kwa maana ilinipa wa kumlaumu kwa ajili ya bega la mdogo wangu. Lakini haikuweza kudumu baada ya kujua yaliyompata Owen Hart.

Tarehe 23 Mei 1999, mjini Kansas City, Hart, mwenye umri wa miaka 34, alikuwa ateremshwe kwa kamba kutoka paani mwa ukumbi, aje kugombania Ubingwa huu huu wa Mabara. Ilikuwa imekusudiwa kwamba autwae. Kifungo cha kamba kilifunguka kabla ya wakati, akaanguka kutoka urefu wa mita 24 hivi, akafa. Mtangazaji Jim Ross alilazimika kuwaambia watu waliokuwa wakitazama majumbani kwamba jambo hili si sehemu ya burudani. Yatafakari maneno hayo, ewe msomaji. Mchezo ule ulikuwa umezoea kuyaita ya kubuni kuwa ya kweli, na siku kweli ilipokuja ilibidi iombewe ushahidi ili isadikiwe. Onyesho liliendelea mpaka mwisho.

Hapa lugha yetu yanifundisha jambo ambalo sikulisikia katika madarasa. Waingereza na Wafaransa wameuita mchezo huu kwa majina ya kushikana na kukamatana. Sisi tumeuita kwa jina la kuanguka: mwereka ni lile anguko lenyewe, na kumpiga mtu mwereka ni kumbwaga chini. Wahenga waliolitia jina hilo hawakujali sana nani alivikwa nini baadaye. Ushindi waweza kutungwa, na mji wa mashindano waweza kubuniwa. Mwili unaofika chini haubuniwi. Hata Steamboat na Savage, waliojua nani atashinda, waliupokea ubao wa ulingo kwa migongo yao wenyewe.

Kwa hiyo niliirudisha insha kwa mwanafunzi wangu pamoja na shauri. Sikumwambia aifute Rio. Nilimwambia aieleze Rio kuwa ni hadithi, ataje aliyeitunga na faida aliyoitaka, kisha aongeze katika safu ya mabingwa wake jina la mtu ambaye hakuwahi kuupokea mkanda ule tena usiku ule wa Mei. Aliniuliza, kwa adabu, kama historia ya ubingwa yaweza kumhesabu asiyeshinda. Nilimjibu kwamba natoka Mbulu.

Mdogo wangu sasa ni mkulima, naye huwasimulia wanawe kwamba siku ile nyuma ya zizi yeye ndiye aliyekuwa bingwa na mimi ndiye niliyebwagwa. Wao huitika na kucheka. Nami nikiwapo huitika pamoja nao, na simkatizi. Ila wakati wa kuondoka, mzigo wa kupandishwa juu ya gari haumpati yeye, naupandisha mimi.