Nyoosha Picha, Usinyooshe Ploti

Chukua simu yako usiku, simama pale KICC karibu na sanamu ya Mzee Jomo Kenyatta, inua kamera hadi kichwa cha mnara kiingie kwa fremu, piga. Sasa angalia. Mnara umelala kwa nyuma, na majengo ya kando yanauegemea kama walevi wa saa nane usiku wanaosaidiana kufika steji.

KICC imesimama hapo tangu 1973, ghorofa 28, zaidi ya mita 100 kwenda juu. Haijainama. Kilichoinama ni simu yako.

Hesabu yake si ngumu. Ukiinua kamera, juu ya jengo kunakuwa mbali na lenzi kuliko chini, na kitu cha mbali huonekana kidogo. Kwa hivyo kuta mbili ambazo hazitawahi kukutana zinaonekana zikisogeleana huko juu, vile reli huonekana zimekutana ukiziangalia kwa umbali. Macho yetu pia huona hivyo, lakini ubongo unajua ukuta umesimama na unatusahihishia kimyakimya. Picha haina ubongo. Na usiku mambo yanazidi, kwa sababu mawingu na miti inapotea kwenye giza, inabaki mistari ya taa pekee. Mstari wa taa ukipinda, kila mtu anauona.

Mimi napenda kumaliza hii shida huko huko nje kabla ya kufika kwa programu. Washa gridi kwa kamera. Weka kamera wima kabisa, usiiinue wala usiiinamishe, na kuta zitasimama zenyewe. Najua utasema sasa nusu ya picha ni lami. Basi rudi nyuma, au panda juu. Ndiyo maana wasee wengi hupigia picha za tao kutoka upande wa Upper Hill: uko mbali, uko juu kidogo, Uhuru Park iko katikati, na jiji lote linasimama wima bila kulazimishwa. Ile lenzi ya 0.5 hukudanganya usogee karibu sana na jengo, na ukisogea karibu lazima uinue kamera.

Kama una kamera na tripodi, anza na ISO 100, f/8, sekunde kumi, na taima ya sekunde mbili ili kidole chako kisitikise kitu. Taa za magari pale Expressway zitajichora zenyewe. Kama una simu tu, iegemeze kwa ukuta na utumie modi ya usiku. Na wacha nafasi pande zote, kwa sababu ukinyoosha picha, programu lazima ikate kando.

Ukifika nyumbani, fuata mpangilio. Kwanza ondoa upindaji wa lenzi yenyewe, halafu zungusha picha ikae sawa, halafu ndio ushughulikie kuta. Lightroom itakuwacha uchore mistari juu ya kuta unazojua zimesimama, na Snapseed ina kifaa cha kuvuta picha kwa mkono. Usiamini sana kitufe cha kunyoosha chenyewe. Ukumbi wa KICC, ule ulio kama ua lililojifunga, kuta zake zimechorwa zikiwa mshazari, na programu haina habari na mchoraji alitaka nini. Pia usinyooshe hadi mwisho. Ukizidisha, jengo linakuwa pana juu kuliko chini, linaonekana kama linataka kukuangukia, na zile chembechembe za giza zinavutwa hadi anga inakuwa kama uji uliobaki kwa sufuria. Acha kuinama kidogo. Jicho linakubali.

Hakuna udanganyifu hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Nikon ilikuwa tayari inauza lenzi inayoteleza kwenda juu bila kuinua kamera, kwa sababu ya shida hii hii. Unarudisha picha kwa ukweli ambao kamera iliupinda.

Lakini kuna kunyoosha kwingine, na hiyo ndiyo imenifanya niandike.

Mwaka jana ajenti mmoja wa nyumba alinipa kazi. Ploti mpya Eastlands, floo saba, anataka picha ya usiku taa zikiwa zimewaka, ya kuweka kwa tangazo. Pesa ni elfu nane. Kwangu hiyo ni karibu rent ya mwezi. Nikapigia picha kwa paa la nyumba ya ng'ambo, kamera wima, kila kitu sawa. Nikarudi kejani, nikachora mistari kwa kuta za majirani wawili, kushoto na kulia. Zikasimama tuli. Katikati, ploti yetu ikabaki imeinama kushoto.

Nikafuta mistari, nikachora upya kwa nyumba zingine za nyuma. Jibu lile lile. Nguzo za stima sikuzitumia, kwa sababu mtaani hizo zenyewe hazijawahi kusimama wima.

Nikamtumia ajenti picha na mistari yake. Akajibu, "Nyoosha tu boss, kama zile zako za tao."

Nikamwambia zile za tao nilinyoosha lenzi, hii inataka injinia. Kesho yake nikarudi kuongea na kea-teka. Akaniambia milango ya floo ya nne ilikuwa imeanza kukwama na fundi alikuwa akiipiga randa kila mwezi. Nikapeleka picha kwa ofisi inayohusika na ukaguzi wa majengo, wakaipokea. Elfu nane ikaenda kwa mtu mwingine.

Tangazo likatoka baada ya siku tatu. Ploti imesimama kama rula. Ila aliyeediti alizungusha picha yote ili kuinyoosha hiyo moja, kwa hivyo majirani wote wakainama kulia. Mtaa mzima umelala upande mmoja, nyumba moja tu ndiyo imesimama. Ukiona picha kama hiyo, tafuta kwingine.

Kuna wale watasema wewe ni mpiga picha, injinia ni nani? Kweli, picha haiwezi kuniambia kama jengo litaanguka, wala kwa nini limeinama. Ndiyo maana sijaandika ploti iko wapi wala ni ya nani. Lakini kutojua kwangu si ruhusa ya kuficha. Ningeinyoosha, ningekuwa nimetoa jibu ambalo sina, na nimelitoa kwa mtu anayetafuta pa kulala na watoto wake.

Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, jengo la floo sita lilianguka Huruma na kuua watu karibu 50. Lilikuwa tayari limeorodheshwa kubomolewa, na bado watu walikuwa wanalipa rent ndani yake. Desemba 2019 ikawa Tassia. Waliokuwa ndani ni wapangaji, watu kama mimi na wewe. Siku hizi sisi hutafuta keja kwa simu, na kabla tuone nyumba tunaona picha yake. Huyo aliyepiga picha ndiye mtu wa kwanza kutuambia kama kuta zimesimama.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema ufa uzibwe kwa Snapseed.

Kwa hivyo wenzangu wa kamera, msimamo wangu ni huu: kilichopindishwa na lenzi, nyoosha bila aibu. Kilichopindishwa na fundi, kiache kionekane, hata kama kinakugharimu gigi.

Na wewe unayetafuta keja, nenda uione mchana. Beba uzi na ufunguo mzito. Funga ufunguo kwa uzi, ushike juu kabisa karibu na ukuta, uache utulie. Mafundi huita hiyo timazi. Pima nafasi kati ya uzi na ukuta hapo juu, halafu pima chini. Zikitofautiana sana, fungua na ufunge kila mlango, angalia nyufa kwenye kona za madirisha, na uulize maswali kabla ya kutuma depo. Uzi hauna kitufe cha kuediti.