Kilimia, Nyanya na Mwongo

Nilipokuwa kidato cha tatu nilipata alama kwa kuikamilisha methali ambayo sikuijua maana. Karatasi ya mtihani iliandika, "Kilimia kikizama kwa jua...", nami nikajaza "huzuka kwa mvua" pasi na kusita. Nusu ya pili, ile isemayo kwamba kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, niliijua pia, ila haikuulizwa. Hakuna aliyetaka kujua iwapo nilikuwa nimekiona hicho kilimia chenyewe. Nami sikuwa nimekiona. Naamini darasa letu zima halikuwa na mtu aliyekiona, na huenda hata aliyetunga swali hakuwa amekiona.

Makala haya yanahusu namna methali hiyo ilivyokuja kuniumbua miaka kadhaa baadaye, mbele ya mtu ambaye hakuwahi kukalia dawati.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nikisoma fasihi simulizi miongoni mwa masomo mengine. Tulipewa kazi ya kukusanya methali nyanjani wakati wa likizo ya Desemba. Nikafunga safari hadi kijijini kwetu, si mbali na Msambweni, nikiwa na daftari jipya na kinasa sauti cha kuazima. Mtafitiwa wangu wa kwanza alikuwa nyanya mzaa baba. Wakati huo macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Aliweza kutofautisha usiku na mchana, na kivuli cha mtu mlangoni, basi. Daktari alikwisha kumweleza kwamba mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mdogo, lakini yeye aliahirisha kila mwaka: mara baada ya mavuno, mara baada ya Ramadhani, mara hadi binamu yangu aolewe.

Nilipomsomea orodha yangu, alininyamazisha nilipofika penye kilimia.

"Wakijua hicho kilimia, mume wangu?" aliniuliza. (Wasomaji wasio wa pwani wasishtuke, nyanya na mjukuu wa kiume ni watani.)

"Ni kundi la nyota, nyanya. Kamusi imesema hivyo."

"Kamusi ina macho?"

Usiku huo, baada ya sala ya isha, aliagiza mkeka utandikwe uani na taa ya barazani izimwe. Akaketi, akaniamuru nisimame nielekee mashariki. Kisha mwanamke asiyeona akaanza kumwelekeza mwenye macho. Alinitaka nitafute nyota tatu zilizopangana wima, karibu karibu, kama shanga kwenye uzi. Nikaziona mara moja. Ndizo ambazo vitabu huziita mshipi wa Jabari. Akaniambia nipandishe jicho kutoka hapo, nikielekea kushoto kidogo, hadi niikute nyota moja nyekundu. Nikaikuta. Nisisimame hapo, niendelee mbele hatua ile ile. Nikaendelea, nikaona kitu mfano wa pumzi iliyopulizwa juu ya kioo.

"Nimeona kama moshi, nyanya."

"Usikikodolee. Kitazame kwa pembeni ya jicho."

Nilipofanya hivyo, ule moshi ukageuka nyota, ndogo, zimesongamana kama vifaranga. Nilikuja kujifunza baadaye kwamba wanafalaki wenye darubini za mamilioni nao hufundishwa hila hiyo hiyo, kwa sababu pembe za jicho la binadamu huunasa mwanga hafifu vizuri zaidi kuliko kitovu chake. Ile nyota nyekundu nayo, ambayo ulimwengu wote huiita Aldebaran, imepewa jina la Kiarabu lenye maana ya mfuasi, kwa kuwa kila usiku hukifuata kilimia nyuma.

"Ziko ngapi?"

"Sita."

"Kaza macho."

"Sita, nyanya."

Alisikitika kidogo. Yeye usichanani mwake alihesabu saba. Katika hili hakuwa peke yake, maana mataifa mengi duniani huziita nyota saba ilhali watu wengi huona sita tu. Kwa darubini kundi hilo lina nyota zaidi ya elfu moja, zote zilizozaliwa pamoja yapata miaka milioni mia moja iliyopita. Mwanga wake husafiri takribani miaka 440 kabla ya kutufikia. Kwa hivyo ule niliouona pale uani ulianza safari kabla ya Wareno kuweka jiwe la kwanza la Ngome ya Yesu mwaka 1593.

Kabla hatujaingia ndani alinigeuza kusini mashariki, akanionyesha nyota nyeupe kali iliyokuwa inapanda juu ya minazi. "Hiyo ni Suheli. Babu yako alikuwa hatoki baharini bila kuitaja." Ndiyo nyota ya pili kwa mng'ao katika anga lote la usiku, na wazee walilitumia jina lake kumaanisha kusini. Kaskazini waliita jaa, kutokana na jina la ile nyota iliyosimama juu ya ncha ya dunia. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tukisikia "jaa" hukumbuka mahali pa kutupa taka. Nami hapa naomba nichepuke kidogo, kwani jambo hili hunistaajabisha hadi leo: nyota hiyo haionekani Mombasa. Mji uko kusini mwa ikweta kwa nyuzi nne hivi, nayo nyota iko chini ya upeo daima. Wanamaji waliorejea kutoka Uarabuni kwa upepo wa kaskazi waliiona ikishuka usiku baada ya usiku, hadi walipokaribia ikweta ikazama moja kwa moja. Wakaja na jina lake, na pwani nzima ikaelekeza kaskazini kwa nyota ambayo hakuna aliyeweza kuionyesha akiwa nchi kavu.

Siku ya kuondoka, nyanya alinipa kazi. Kazi ya mhadhiri nilikuwa nimekwisha kuikamilisha. Hii ilikuwa yake yeye. Mwezi wa nne ukielekea kuisha, nitazame magharibi kila jua linapokuchwa. Nitakiona kilimia kinashuka, kila jioni chini zaidi. Siku nitakapokikosa, nimpigie simu, nimweleze kama kumekuwa na mvua au jua. "Mimi siwezi tena," alisema. "Na hawa wa hapa hawaangalii."

Niliahidi. Ahadi ni deni, na deni lenyewe nikalisahau nilipofika Nairobi. Aprili ilinyesha usiku na mchana. Mawingu yalipopasuka, taa za mji zilikuwa zimekwisha kulipausha anga. Zaidi ya hayo kulikuwa na majaribio, insha za kuwasilisha, na siasa za bweni ambazo sina haja ya kuzieleza hapa. Mwezi wa tano ulipokuwa unaishia, simu ya ami ikalia mfukoni mwangu, na sauti iliyofuata ilikuwa ya nyanya.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba, mume wangu. Kilimia je?"

Kuna aina ya uongo ambao mtu huusema kwa mapenzi, nami nilidhani wangu ni wa aina hiyo. "Nakiona, nyanya. Hata jana usiku nilikiona, kule magharibi."

Kimya.

"Jana usiku?"

"Naam."

"Mwongo gani huu?"

Nilihisi damu inanipanda usoni. Nikadhani ameniita mwongo, tena kwa ukali ambao sikuuzoea kwake. Nikaanza kujitetea kwamba palikuwa na mawingu, kwamba huenda nilichanganya. Akanikatiza. Alikuwa anauliza siku, alisema. Anauliza tuko mwongo wa ngapi wa mwaka. Kisha akaongeza polepole, "Lakini na hilo ulilolifahamu wewe, ni hilo pia." Akamrudishia ami simu yake.

Sikulala vizuri. Asubuhi nilikwenda maktaba, si sehemu yetu ya lugha bali orofa ya sayansi, ambako sikuwa nimewahi kukanyaga. Nilitaka kujua jinsi kipofu alivyonikamata kutoka umbali wa kilomita zaidi ya mia tano.

Jibu lilikuwa katika kitenzi kimoja. Mimi, na bila shaka wengi waliowahi kuijaza methali ile, tulielewa "kuzama" kama jua linavyozama: kila siku. Kwa maana hiyo kilimia huzama kila siku, na methali haina mantiki yoyote. Kuzama kunakokusudiwa hutokea mara moja kwa mwaka. Kwa kuwa dunia hulizunguka jua, kila nyota huchomoza mapema kwa kiasi cha dakika nne kila siku kuliko jana yake. Dakika hizo hulimbikizana. Kilimia ambacho mnamo Novemba huchomoza jioni na kukesha angani usiku kucha, ifikapo Aprili huonekana kwa muda mfupi tu magharibi baada ya magharibi kuingia. Mwanzoni mwa Mei humezwa na wekundu wa machweo. Karibu tarehe 20 Mei jua lenyewe hupita jirani nacho, na kwa zaidi ya mwezi mmoja hakuna mwanadamu akionaye kwa macho. Hatimaye, katika Juni, hutokeza upande wa pili, mashariki, alfajiri. Huko ndiko kuzuka.

Mimi nilikuwa nimekiona, kwa kauli yangu, katika juma ambalo kilikuwa nyuma ya jua.

Huo mwezi wa kutoonekana kwake, pwani yetu huwa imo katika masika, au mvua za mwaka kama wanavyoziita Mombasa. Ndiyo maana mkulima alihitaji kujua kilizama kwa nini. Jina lenyewe limebeba jembe: shina ni -lim-, lile lile la kulima na mkulima. Wazulu na Waxhosa, mbali kusini, hulitaja kundi hilo kwa jina isiLimela, lenye shina lilo hilo, na Waxhosa walikuwa wakiihesabu miaka ya utu uzima wa mwanamume kwa kuzuka kwake. Nikiwa mwanafunzi wa isimu niliyekwisha kuandika kurasa kadhaa kuhusu viambishi, niliona aibu ya pili: neno lilikuwa wazi mbele yangu, na sikuwa nimelisikia.

Nikaanza pia kuelewa swali lake la mwongo. Kalenda ya mwezi mwandamo, ambayo kwayo twafunga na kufungua, ina siku 354 au 355. Kila mwaka hurudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja dhidi ya majira. Mfungo mosi huangukia kiangazi leo, na baada ya miaka kadhaa huangukia masika. Anayepanda mpunga kwa kuutegemea atakula majani. Waswahili waliliona tatizo hilo, wakatunza hesabu ya pili sambamba na ya kwanza: mwaka wa jua wa siku 365, unaoanza kwa Nairuzi, neno lililotufikia kutoka Uajemi. Mwaka huo hugawanywa katika miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za ziada. Huko Makunduchi, Unguja, siku ya mwaka huo bado huadhimishwa kila Julai kwa Mwaka Kogwa. Kwetu waliobaki na hesabu hiyo ni wavuvi wachache na wazee. Neno "mwongo" sisi tumelihamishia kwenye miaka kumi, hutumika sana kwenye hotuba, na wengi hawajui kwamba liliwahi kupima kitu kidogo na cha lazima kuliko hicho.

Katika orofa hiyo hiyo ya sayansi niligundua, kwa bahati tu, kwamba setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, ikaitwa Uhuru kwa heshima ya sikukuu yetu. Nilijivuna kwa dakika kama tano hivi. Kisha nikakumbuka nilichokuwa natafuta.

Niliwasili kijijini katikati ya Juni. Sikuomba radhi siku ya kwanza. Nilitafuta maneno nikayakosa, naye hakunisaidia. Siku ya pili niliamka kwa adhana ya alfajiri. Ilipokaribia saa kumi na moja u nusu nilimwongoza nje kwa mkono hadi kwenye mkeka ule ule. Upepo wa kusi ulikuwa unavuma, ardhi bado imelowa mvua za nyuma, lakini juu hapakuwa na wingu hata moja.

"Kimezuka?" aliuliza.

"Kimezuka, nyanya."

"Upande gani?"

"Pale pale litakapotokea jua. Juu kidogo ya mwembe wa ami."

"Kwa mvua au kwa jua?"

"Kwa jua."

Alitikisa kichwa. Nadhani alikuwa anarudi nyuma kwa hesabu zake, mwongo baada ya mwongo, hadi zile jioni za Mei zilizonyesha.

"Ziko ngapi?"

Nilitazama kwa pembeni ya jicho, kama alivyonifunza. Weupe wa alfajiri ulikwisha kuanza kupanda. Nilitamani sana kusema saba.

"Tano, nyanya. Tano tu."

"Nakusadiki," alisema. "Siku za mwanzo huwa hazitimii." Akanituma nikabandike maji ya chai.