Skrubu Mbili Ndani ya Chupa

Umewahi kumwahidi mtoto jambo usilokuwa na uwezo nalo? Mimi nimewahi, na ningali najuta.

Mpwa wangu, mvulana wa miaka 12, alianguka kutoka juu ya mwembe nyumbani kwetu Mbumbuni, kule Makueni, akavunjika kifundo cha mguu. Alipokuwa akipelekwa chumba cha upasuaji huku akilia, nilimwambia: "Nyamaza, baba. Ni mara hii moja tu."

Mfupa ulishikizwa kwa skrubu mbili za chuma, ukaunga vizuri. Lakini baadaye daktari alisema ni lazima zitolewe, maana mtoto angali anakua. Basi tukarudi: nauli ya matatu, nusukaputi, kisu, mshono mpya, na siku nyingine bila shule. Mara hii kijana hakulia. Alinitazama tu. Heri angelia!

Nilipoanza kudadisi ndipo nilipojua kwamba ziko skrubu zisizohitaji kutolewa. Mwaka wa 1984, madaktari wa Helsinki, Finland, wakiongozwa na Pentti Rokkanen, walianza kushikiza vifundo vilivyovunjika kwa vijiti vinavyoyeyuka mwilini. Vilikuwa jamaa ya zile nyuzi za kushonea ambazo akina mama waliojifungua kwa upasuaji wanazijua; hupotea zenyewe. Vingine hutengenezwa kwa asidi ileile inayoyapa maziwa lala uchachu wake. Maji ya mwili huvimeng'enya polepole, kwa miezi au hata miaka, mfupa nao ukizidi kujitegemea. Mabaki hutoka kwa pumzi.

Hata madini ya magnesiamu hutumika. Mbelgiji Albin Lambotte aliyajaribu mwanzoni mwa karne ya 20, na bamba lake likaoza kwa siku 8 tu, likaacha gesi tele chini ya ngozi ya mgonjwa! Skrubu ya magnesiamu iliyoboreshwa iliidhinishwa Ulaya mwaka wa 2013, zaidi ya miaka 100 baadaye.

Usidhani chuma kimepitwa na wakati, la. Mfupa wa paja lililovunjika bado unakihitaji, kwani hivi vinavyoyeyuka si imara kiasi hicho. Wakati mwingine huvimbisha kidonda, na bei yake ni ghali kuliko ya chuma.

Nilimsimulia mama yangu haya yote kwa madaha. Akaniuliza: "Na daktari ulimuuliza kabla ya kisu au baada?"

Baada, mama.

Zile skrubu mbili mpwa wangu amezitia ndani ya chupa, akaiweka dirishani. Kila nikienda Mbumbuni hunitikisia.