Shufwa na Witiri: Kutoka Vizibo vya Soda hadi Mfululizo wa Fourier

Baadhi ya wanachuo wangu huuliza kwa nini mwalimu wa shule ya msingi asumbuliwe na hisabati ambayo hatakuja kuifundisha. Swali hilo ni la haki. Mimi hulijibu kwa maneno mawili ambayo kila mwalimu huyafundisha: shufwa na witiri.

Mwaka 1807 Joseph Fourier wa Ufaransa, akichunguza jinsi joto linavyosambaa, alidai kwamba fanksheni yaweza kujengwa kwa kujumlisha mawimbi ya sini na kosini. Tuchukue nafasi ya kutoka −π hadi π, yenye sifuri katikati. Kosini ni shufwa: ukikunja karatasi kwenye mstari wima wa katikati, pande mbili za mchoro hulaliana. Sini ni witiri: mchoro wake ukizungushwa nusu duara kwenye sifuri, hujirudia vile vile. Majina hayo hufuata vipeo: x² ni shufwa, x³ ni witiri.

Sasa tuijenge fanksheni x, ambayo ni witiri. Kila kosini hutoweka, kwa kuwa x mara kosini ni witiri, na eneo lililo juu ya mstari upande mmoja hufutana na lililo chini upande wa pili. Hubaki sini peke yake:

x = 2(sin x − ½ sin 2x + ⅓ sin 3x − …)

Tukiweka x = π/2, twapata:

π/4 = 1 − 1/3 + 1/5 − 1/7 + …

Asili zote za sehemu hizo ni namba witiri!

Lakini mbona witiri mara shufwa imekuwa witiri, ilhali 3 × 2 = 6, ambayo ni shufwa? Ni kwa sababu vipeo hujumlishwa: x × x² = x³, na 1 + 2 = 3. Kuzidisha fanksheni hufuata kanuni ya kujumlisha namba. Hapa ndipo anapokwama mwanachuo aliyekariri kanuni bila kujua chimbuko lake.

Basi, mwalimu mtarajiwa, utakapowapa watoto vizibo vya soda wavipange viwili viwili, usiwatangulizie kanuni. Mtoto anayeona mwenyewe kwamba witiri ikiongezwa shufwa kizibo kimoja hubaki bila mwenzake, amekwisha kuishika hoja ile ile inayozifuta kosini zote za x.