Vikorokoro vya ubao wa theluji

Mwanangu alipofikisha miaka 11 aliniomba nimpeleke akajifunze kuteleza kwa ubao kwenye theluji. Hapa Colorado wenzake wengi wa darasani wanakwenda. Mimi niliyekulia Tanga, theluji niliijua ya Kilimanjaro tu, tena kwa picha.

Dukani nilionyeshwa vikorokoro tele vya kuongezea. Nikanunua kibandiko cha mpira chenye meno, kinachobandikwa juu ya ubao, katikati ya vifungo vya miguu. Kinga za vifundo vya mikono niliziona anasa, nikaziacha.

Kibandiko kilifanya kazi yake. Mtu anaposhuka kwenye kiti cha kupandia mlimani, mguu wa nyuma huwa haujafungwa. Hapo unapata pa kukanyaga bila kuteleza. Lakini msaada wake huishia hapo. Saa ya pili mwanangu alianguka, akajizuia kwa kiganja, mfupa ukavunjika. Daktari hakushangaa: kwa wanaoanza, vifundo vya mikono ndivyo huumia sana.

Usiku ule alinikumbatia kwa mkono mmoja akasema, "Mama, usilie." Nikazidi kulia.

Mzazi mwenzangu, hakuna kifaa kinachomfundisha mtoto kukata kona; hiyo ni kazi ya mwalimu. Ila kama baada ya kofia ngumu una fedha ya kitu kimoja tu cha ziada, nunua kinachokinga mwili kabla ya kinachobandikwa kwenye ubao.