Dalali Arudi Darasani

Dalali mmoja wa nyumba huko Mangobo, ambaye sisi wa Kisangani twamwita komisioneri, anatafuta diploma ya sheria bila kuiacha kazi yake. Mchana huonyesha nyumba, jioni husoma. Mimi, mwalimu wa zamani, humsikiliza akirudia Sheria ya 20 Julai 1973: ardhi ni mali ya Serikali, raia hupewa haki ya kuifaidi, na haki hiyo huthibitishwa kwa hati ya usajili, wala si kwa karatasi ya mauzo yenye mashahidi, hata wawe kumi. Juzi alimzuia mjane asilipe, kwa kuwa muuzaji hakuwa na hati. Muuzaji alimtukana, na ujira ukapotea. Mtihani wake u karibu.