Vumbi la Owino Uhuru

Marehemu nyanya yangu hakuwa akifagia uani bila kwanza kunyunyiza maji. Kila siku, baada ya swala ya alfajiri, alichota maji kwa kata, akayarushia mchanga kwa mkono wa kulia kama mtu anayepanda mbegu, kisha ndipo akashika ufagio wake wa chelewa. Mjukuu aliyeuchukua ufagio uani pakiwa pakavu alikaripiwa. Nilikua nikidhani ile ni ada tu ya wazee wa Likoni, nami nilipopata nyumba yangu nikaiacha. Nimeikumbuka juzi, njiani kwenda Changamwe, na nitaeleza kwa nini.

Safari yenyewe si ndefu kwa anayeijua Mombasa. Nilitoka nyumbani mapema, nikapita pembezoni mwa lile shamba ambalo sisi wa Likoni tunaliita Waitiki hadi leo, ekari 930, ambalo serikali ililinunua na Januari 2016 wakazi wake wakaanza kupewa hati za kumiliki. Wapo akina mama walioishi pale miaka mingi wakiogopa kuweka hata tofali moja la ziada, kwa kuwa hawakujua kesho itakuwaje. Baada ya hati, mchanga na kokoto vikaanza kuteremshwa mbele ya milango.

Wageni hawaelewi jambo hili mpaka waelezwe. Huku bara ya Mombasa, iwe Likoni, Kisauni au Changamwe, ipo desturi ya nyumba bila ardhi. Mtu hukodi kiwanja kwa mwenye shamba, akalipa kodi ya ardhi, akajenga nyumba kwa jasho lake. Nyumba ni mali yake: huikodisha vyumba, huiuza, huirithisha wanawe. Ardhi iliyo chini yake si yake, na mwenyewe akija kuidai, yeye hubaki na mabati na fito zake mikononi. Mizizi ya mambo haya ni mirefu; inarudi hadi sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, iliyowataka watu wa pwani wapeleke madai yao kwa maandishi, ilhali wengi walikuwa wakijuana mipaka kwa minazi na miembe. Athari yake imeingia hadi jikoni mwetu. Mwanamke anayeishi juu ya ardhi ya mtu hujifunza kunyamaza. Mtaro ukiziba mbele ya nyumba yake, hunyamaza. Jirani akichoma takataka, hunyamaza. Atalalamikaje, naye mwenyewe yupo kwa hisani?

Nilivuka feri pamoja na umati wa asubuhi, nikapanda matatu, tukakata kisiwa hadi Makupa. Daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2022 limeachia maji ya bahari yapite tena mahali palipokuwa pamezibwa kwa boma la udongo. Upande mmoja ni Kibarani, ambapo kwa miaka mingi abiria walifunga madirisha na kuziba pua kwa ncha za mitandio. Jaa lile lilifungwa na miti ikapandwa juu yake, na kwa kweli panapendeza. Ila taka hazikuyeyuka. Zilihamishiwa Mwakirunge, kule Kisauni, na wanaoziba pua sasa ni watu wa huko.

Kisha Changamwe. Jina hili limebeba taifa zima, Wachangamwe, mmoja wa Thelatha Taifa wa Mombasa, kama vile Jomvu ya hapo mbele ilivyobeba Wajomvu. Leo anayefika huona kwanza malori, matangi ya mafuta na maghala, na baina ya maghala hayo nyumba za watu waliokuja kutafuta riziki kutoka kila pembe ya nchi. Owino Uhuru ni mtaa wa namna hiyo, upande wa Mikindani: watu wapatao 3,000, vichochoro vyembamba, nyumba za udongo na mabati zilizobanana kama samaki kwenye tenga. Jina lake ni nusu Kijaluo, nusu Kiswahili, na ndivyo walivyo watu wake, mchanganyiko.

Mwaka 2007 pembeni mwa mtaa huu kilianza kazi kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa madini ya risasi. Ukuta wake uliegemeana na nyumba za watu. Moshi ulishuka juu ya mapaa, na mabati yakaanza kuoza na kutoboka kabla ya wakati wake. Maji machafu yalitoka kiwandani yakapita mtaani, mahali ambapo watoto walicheza na akina mama walifulia. Kuku walikufa. Watu walikohoa. Wenye kazi kiwandani walirudi jioni na vumbi kwenye nguo, wakawakumbatia watoto wao, na nguo zile zikafuliwa katika karai lile lile la nepi.

Ajabu ya tarehe ni kwamba mwanzoni mwa mwaka 2006 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa zimekwisha kuiondoa risasi katika petroli, kwa sababu ilijulikana inaharibu akili za watoto. Kilichoondolewa katika moshi wa magari mwaka mmoja kikaingia mtaani mwaka uliofuata kupitia betri za magari hayo hayo.

Kiswahili kimeyapa madini haya jina moja na kile kitokacho katika mtutu wa bunduki, maana risasi za bunduki zilisubuliwa kwayo. Lakini hii ya vumbi haina mlio. Mwili huidhania kuwa ni chokaa ya kujengea mifupa, ukaipokea na kuihifadhi humo miaka mingi. Mwanamke akishika mimba, mwili huchota chokaa katika mifupa yake ili kumjenga mtoto, na risasi hutoka pamoja nayo ikavuka kwenda kwa kilicho tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa ni salama. Kwa mtoto huleta upungufu wa damu, maumivu ya tumbo, uzito wa kushika masomo, na ikizidi, degedege. Kwa mama huweza kuharibu mimba. Dalili hizi zote tumezoea kuzipa majina mengine: malaria, minyoo, homa ya matumbo, uvivu wa mtoto, hata kijicho cha watu.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Phyllis Omido. Mwaka 2009 aliajiriwa na kiwanda hicho awe kiungo baina yake na wanamtaa, naye alikuwa na mtoto mchanga anayenyonya. Mtoto akaugua. Akatibiwa malaria, akatibiwa homa ya matumbo, asipone, mpaka damu yake ilipopimwa ikakutwa na risasi, na iliaminika kuwa ilimfikia kupitia maziwa ya mama yake. Sisi ambao tumehimizwa kunyonyesha miaka miwili kamili tutafakari uchungu wa mama yule. Wala asije mtu akaacha kunyonyesha kwa kuisoma habari hii. Maziwa ya mama yamebaki kuwa bora, na kasoro ilikuwa katika hewa aliyovuta mama. Bi Omido aliacha kazi. Angeweza kumchukua mwanawe na kuhama, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake aliwaendea akina mama wengine, watoto watatu wa mtaa wakapimwa, na wote watatu wakakutwa nayo.

Hapo ndipo jambo lilipotoka chumbani likawa la mtaa. Barua ziliandikwa kwa wakubwa, zikakaa. Maandamano yakafanyika. Mwaka 2012 Bi Omido na wenzake walikamatwa, akashtakiwa, mahakama ikamwachilia. Alisaidia kuunda shirika la kutetea haki na mazingira, na mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira, lakini kabla ya tuzo kilikuja kile kilichohitajiwa zaidi: mwaka 2014 kiwanda kilifungwa.

Mwaka 2016 wakaazi wakafungua kesi katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa, wachache kwa niaba ya wote. Nataka tuitazame vizuri kesi hiyo, kwa sababu wengi wameijua kwa hesabu ya fedha tu. Waliosimama pale hawakuja na hati za ardhi. Walikuja na makaratasi ya hospitali yaliyokunjwakunjwa, majibu ya vipimo vya damu, habari za waliozikwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Inasema kila mtu. Haikusema kila mwenye ardhi. Na kifungu cha 70 kinamruhusu anayeona haki hiyo inavunjwa aende mahakamani, wala halazimiki kuonyesha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Jirani anaweza kusimama kwa ajili ya mtoto wa jirani. Kwa watu wetu waliozoea kunyamaza kwa sababu ya nyumba bila ardhi, sijui kama kuna maneno mawili ya sheria yenye uzito kushinda hayo.

Julai 2020 mahakama iliamua kwamba haki zao zilivunjwa, si na kiwanda peke yake, bali pia na taasisi za serikali zilizopaswa kuwalinda, ikiwemo mamlaka ya mazingira, NEMA. Walipewa fidia ya shilingi bilioni 1.3, na amri ya kusafisha udongo na maji ndani ya miezi minne, ama sivyo shilingi milioni 700 zitolewe kwa kazi hiyo. Furaha haikudumu. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani iliitengua fidia ile. Wakapanda ngazi tena, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikawarudishia ushindi wao. Hesabu miaka: mtoto aliyezaliwa kiwanda kikianza alikuwa na miaka kumi na saba.

Fedha hazifagii udongo. Risasi haiozi kama ganda la muwa wala haichukuliwi na upepo ikaisha; iliyotua ardhini hukaa hapo. Haya hayakutokea kwetu tu. Huko Senegal, katika mtaa wa Thiaroye-sur-Mer karibu na Dakar, akina mama walikuwa wakichekecha mchanga wenye mabaki ya betri ili wauze vipande vya risasi, watoto wao wakiwa mgongoni. Kuanzia mwishoni mwa 2007 hadi Machi 2008 watoto 18 walikufa. Kilichofanyika baadaye ndicho kinachofanywa kila penye balaa hili: udongo wa juu huondolewa, nyumba husafishwa moja moja, udongo mpya hutandazwa. Mtu mmoja hawezi kujifanyia hivyo. Ukibadilisha mabati yako na kupiga sakafu saruji, jirani yako asipofanya, upepo wa kaskazi utakuletea vumbi lake kabla ya adhuhuri.

Nilipokuwa nikipita nje ya mtaa ule niliona kila mlango umefagiwa. Michirizi ya ufagio ilikuwa bado mbichi kwenye udongo. Jambo hili lilinichoma kuliko yote: wanawake hawa hawakuwa wachafu. Walifagia kila siku, na kila walipofagia pakavu walikuwa wakiliinua tena vumbi lile lile likafika kwenye pua za watoto. Wataalamu wa afya wanashauri kwamba penye vumbi la risasi usifagie pakavu. Lowesha kwanza, au pangusa kwa kitambaa kibichi. Viatu vya kazini vibaki nje. Mikono ya watoto ioshwe kabla ya kula, nao wapewe chakula chenye chokaa na madini ya chuma, kama maziwa, dagaa, kunde na mboga za majani, maana mwili ulioshiba hivyo huipokea risasi kwa uchache. Na kwa kuwa gazeti hili husomwa zaidi na wanawake, niongeze moja: baadhi ya wanja unaouzwa kwa vijiko madukani, ule mweusi unaong'aa, husagwa kutokana na jiwe lenye risasi. Usimpake mtoto mchanga wanja usiojua umetengenezwa kwa nini.

Kabla ya kurudi niliteremka upande wa hori la Tudor. Huko vikundi vya vijana na wanawake wa Mikindani na Jomvu vimekuwa vikipanda mikoko. Wengi hudhani mikoko ni ya kuni na samaki tu. Matope yake pia hunasa sumu za madini zinazoteremka na maji ya mvua. Miche ilikuwa imesimama kwenye tope, mistari kwa mistari, mingine imepinda, mingine imekufa na kuwekewa mwenzake pembeni.

Nilifika Likoni magharibi. Nikavua viatu nje ya mlango, nikavipangusa nyayo kwa tambara la maji, na asubuhi yake nikachota maji kwa kata.